Siku Mama Mkwe Alipokaa Katikati ya Mnada

Jina alilopewa na mama yake silitaji. Amekwisha kufariki, na kwetu marehemu haitwi ovyo kwa jina lake, aachwe apumzike. Wazungu walimwita Lavinia, naye akalipokea jina hilo kama mtu anavyopokea koti la kupewa: linakinga baridi, lakini si yeye aliyelishona. Nitatumia hilo. Mimi nilimwita mama, kwa kuwa niliolewa na mwanawe Amos, nikakaa naye jiko moja miaka ishirini na ushei. Tuligombana sana. Tulicheka zaidi.

Nilitoka kusini, kwetu mto Shoalhaven, nikashuka ufukweni pake na kifurushi changu kichwani na Amos akinifuata nyuma kama mtu aliyeiba kuku. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mwamba, kiko mdomoni, mshipi wa kuvulia umezungushwa mkononi. Mkono ule wa kushoto haukuwa na ncha ya kidole cha mwisho. Alikatwa ncha hiyo akiwa mtoto mchanga, kama walivyofanyiwa wasichana wote wa ukoo wake ambao bahari ingekuwa kazi yao. Hakunisalimu. Aliniangalia mikono.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, mama," Amos akajibu.

"Anajua kuvua?"

"Najua," nikasema mwenyewe.

"Kusema najua kila mtu anaweza." Akanirushia mshipi.

Nilikaa pale hata jua likanichoma shingo, lakini nilipoinuka nilikuwa na changu mwekundu mwenye ukubwa wa paja la mtoto. Mama alimpima samaki kwa macho, akanipima na mimi.

"Basi weka mzigo wako chini. Unangoja kukaribishwa na gavana?"

Hivyo ndivyo nilivyoolewa na ghuba ile, maana kuolewa na Amos kulikuwa kuolewa na ghuba. Kwenye ramani za wazungu iliitwa Ghuba ya Ormsby. Sisi tuliiita kwa jina la huyo samaki mwekundu, walamai, kwa sababu ndiko alikojaa wakati wa joto. Upande mmoja kulikuwa na miamba yenye mapango ya kutosha kulala familia nzima bila kulowa, upande wa pili kijito cha maji matamu kikishuka mpaka mchangani. Ng'ambo ya maji uliona merikebu zikiingia na kutoka Sidni, na upepo ukivuma kutoka huko ulisikia kengele za makanisa yao.

Mama alizaliwa ndani ya pango la katikati. Mama yake mzazi alikuwa na makovu ya ndui uso mzima. Ndui hiyo ilikuja mwaka wa pili baada ya merikebu za kwanza za wazungu, ikafagia ghuba baada ya ghuba, ikamwacha yeye mtoto mdogo na shangazi mmoja, wakila kome kwenye miamba kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kwenda na mtumbwi. Alikua, akazaa, akarudi kwenye maji. Alikuwa akienda kuvua ndani ya nawi, mtumbwi wetu wa gome la mti, moto mdogo ukiwaka katikati juu ya udongo, mtoto mapajani, akiimba ili samaki wasogee. Huyo mtoto wa mapajani ndiye mama mkwe wangu.

Kapteni Ormsby alikuja Lavinia akiwa msichana wa kuokota kuni. Gavana alikuwa amempa kapteni kilima chote na mabonde yake kwa kazi nzuri aliyoifanya mahali fulani mbali. Alifika na wafungwa wa kukata miti, akasimama ufukweni akafungua karatasi, akaisoma kwa sauti. Watu wetu walitoka mapangoni wakasikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Kisha bibi mmoja akamuuliza kama ana njaa.

Kapteni hakuwa mtu mbaya wa kupiga watu. Alikuwa mtu wa kuchukua. Alichukua miti, akachukua kijito akakijengea ukingo, halafu akachukua makombe. Pale ufukweni palikuwa na lundo la makombe refu kupita mtu, chaza na kome waliokwisha kuliwa tangu enzi ambazo hakuna anayezijua, mlo juu ya mlo. Kapteni alihitaji chokaa ya kujengea. Wafungwa wake walipakia makombe kwenye mikokoteni, wakayachoma katika tanuri siku nyingi moshi ukitanda ghuba nzima, na nyumba kubwa nyeupe ikapanda juu ya kilima.

Nyumba ilipokwisha, kapteni aliteremka akamwambia mama yake Lavinia, "Nyinyi mnaweza kukaa hapa chini muda wote nitakaokuwa hai. Mimi ni mtu wa neno langu."

Yule mama akageuka kwa wenzake. "Amesema tunaweza kukaa," akawaambia kwa lugha yetu, na walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Kapteni alidhani wanafurahi kwa shukrani, naye akacheka.

Lakini neno lake alilitimiza, hilo nalo niseme. Miaka ikapita hivyo, wao wakila kwa uma juu kilimani na sisi kwa vidole chini, na samaki wakipanda kila asubuhi kwenda jikoni kwake kubadilishwa na unga, sukari na tumbako. Lavinia aliolewa na mwindaji wa nyangumi kutoka kusini, akamzaa Amos, bahari ikamchukua mume. Mama yake alipofariki alimzika juu ya mstari wa maji, chini ya mwamba uliojitokeza kama paji la uso, akimwelekeza kwenye mlango wa bandari. Hakuondoka tena pale hata kwa siku mbili. Watu wakimwalika harusi Botani, ghuba nyingine ya kusini, akienda, alirudi siku ile ile, usiku, na kulalamika njia nzima.

Kisha kapteni akafa. Hakuwa na mtoto. Kilima kilimwangukia mpwa wake, kijana aitwaye Edgar Ormsby, aliyeletwa na merikebu kutoka Uingereza akiwa na glavu mkononi katikati ya joto la Januari. Hakutaka kilima. Alitaka kukiuza arudi kwao. Akaajiri mpimaji, na mpimaji akaanza kupigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyeupe, kuanzia juu, mstari baada ya mstari, mpaka wakafika mchangani. Viwanja vya ufukweni ndivyo vilivyosubiriwa na matajiri wa mjini, wapate kuogelea mlangoni kwao.

Asubuhi moja tulirudi kutoka kuvua tukakuta kigingi kimesimama katikati ya meko yetu. Hasa katikati, majivu yamesukumwa kando. Mimi nilisimama nikashika mdomo. Mama alikizunguka mara moja, akakitikisa, akaking'oa, akakipasua kwa shoka, akawasha moto, akaweka samaki.

Edgar Ormsby aliteremka mbio, mpimaji nyuma yake.

"Hicho kilikuwa kigingi changu!"

"Kilikuwa," mama akasema, akigeuza samaki. "Sasa ni kuni. Zinawaka vizuri. Unavyo vingine?"

"Bibi, ardhi hii inauzwa Jumamosi ijayo. Mjomba wangu aliwavumilia, lakini mjomba amekufa. Lazima muondoke kabla ya hapo."

"Twende wapi?"

"Popote. Nchi ni kubwa."

"Hilo kweli," mama akasema. "Ni kubwa mno. Hata nashangaa watu wote mnataka kukaa jikoni kwangu."

Kijana akapandwa na damu usoni. Alisema ataleta askari. Mama akamwambia askari akaribie tu, ila aje na chumvi maana yetu imekwisha. Waliondoka. Amos akacheka, nami nikacheka, mwanangu mdogo mgongoni akacheka kwa kutuona sisi.

Mama hakucheka. Alasiri ile sikumwona kwenye mwamba wake. Nilimkuta kule kwa mama yake, amekaa kiganja kikiwa juu ya mchanga kama mtu anayemtuliza mtoto alale. Kiko kilikuwa kimezima.

"Amos anasema twende Botani kwa mjomba wake," nikamwambia. "Kule watatupokea."

"Watatupokea. Ni watu wema."

"Basi?"

"Naogopa, Kezia," akasema. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Mama alibaki yeye na shangazi yake tu, wawili, ghuba nzima. Wangeweza kwenda. Walikaa wakala kome mbichi kwa sababu walisema wakiondoka hakuna atakayebaki kujua kwamba hapa palikuwa na watu. Sasa nikibeba vyungu vyangu kwa sababu mtoto mwenye glavu kanifokea, nitamwambia nini huyu hapa chini?"

Niliketi kando yake. Baada ya muda alipangusa mchanga mkononi, akawasha kiko.

"Jumamosi watakuja wengi?"

"Nasikia kutakuwa na meli ya moshi imejaa watu. Bendi ya matarumbeta. Hema. Chakula cha bure ili wanunue vizuri."

"Kumbe ni karamu." Akavuta moshi. "Basi na sisi tupike."

Kesho yake alianza kutuma watu. Amos alikwenda na mashua ya kuazima kila ghuba yenye ndugu, na kwa miguu mpaka Botani. Mimi nilitumwa kwa Honora Geraghty, mjane wa Kiayalandi aliyekuwa akifua nguo za watu kwenye kijito chetu. Kazi hiyo sikuipenda, kwa sababu Honora na mama walikuwa hawaachi kutukanana. Povu lako linafukuza samaki wangu, mama angesema. Samaki wako wananuka, nawasafisha, Honora angejibu. Siku zote hivyo, miaka.

Honora alinisikiliza akiwa ameshika shuka la mtu.

"Wanauza na kijito?"

"Kila kitu mpaka majini."

Alilitupa shuka ndani ya pipa. "Kwetu walitutoa hivyo hivyo. Walikuja na karatasi, wakabomoa paa baba yangu akiwa bado ndani anavaa viatu." Akatema mate. "Mwambie yule mzee mkorofi nitakuja. Na dada zangu, na watoto wao, na wavuvi wote wanaoanika nyavu pale. Lakini povu langu asilitaje tena."

"Nitamwambia."

"Asilitaje milele!"

Jumamosi ilipambazuka na joto la kupasua mawe. Kabla ya jua kupanda vizuri ufukwe ulikuwa umejaa watu wetu. Walikuja na mashua za makasia, walikuja kwa miguu kupitia vichakani, wazee waliobebwa, mabinti wenye watoto, mbwa wasiohesabika. Wavuvi wa Honora walitandaza nyavu zao zikaziba robo ya mchanga. Honora mwenyewe alipanga mapipa yake ya kufulia mstari mmoja na kutundika nguo za ndani za wakubwa wa mji kwenye kamba, zikapepea kama bendera. Mama hakumpa mtu amri ya kupiga kelele wala ya kugombana. Alisema neno moja tu: "Leo ni siku kama siku nyingine. Ishini."

Tukaishi. Tulichoma changu na mkizi, tukabanika chaza mpaka wakajifungua wenyewe, wanawake wakaoka mikate majivuni.

Meli ya moshi ilitia nanga, watu wakashuka na kofia na miavuli. Juu kilimani hema ilisimama, bendi ikapiga. Dalali aliitwa Tuckwell, mtu mnene mwenye ndevu nyekundu na sauti ya kuamsha mji, na kusema kweli alikuwa mcheshi. Aliuza viwanja vya juu haraka haraka. Lakini joto lilikuwa limeingia kwenye hema. Nyama ya nguruwe ilianza kutoa jasho, kisha nzi wakaijua. Na upepo ulikuwa unatoka baharini. Ulipita kwenye moto wetu kwanza, halafu ndipo ukawafikia.

Alianza mmoja, mwanamke mwenye kofia kubwa ya manyoya, mke wa Sugden mwenye mabucha. Aliteremka akisema anataka kutazama maji. Macho yake hayakuwa kwenye maji.

"Samaki huyo ni wa kuuza?"

"Leo siuzi," mama akamwambia. "Kaa ule."

Akakaa, na kofia yake. Mumewe akamfuata kumtafuta, naye akakaa. Kufikia mchana nusu ya wanunuzi walikuwa mchangani wakila kwa vidole, wakiramba mafuta, wakiuliza watoto wetu majina.

Tuckwell aliviacha viwanja vya ufukweni mwisho kwa makusudi, bia ipate kufanya kazi yake. Alipoona watu wako chini, akaamuru meza yake iteremshwe. Wabebaji waliishusha mpaka kwenye kigingi cha kwanza walichokipigilia upya, na kigingi kilikuwa pale pale mekoni. Mama alikuwa amekiegemea.

"Bibi, tafadhali sogea kidogo," Tuckwell akasema.

"Sogea wewe, bwana. Mimi ndiyo kwanza nimekaa."

Watu wakacheka. Tuckwell naye akacheka, akasogeza meza. Edgar Ormsby alisimama nyuma yake akijipepea kwa kofia. Pembeni yake alikuwa askari aliyeletwa, Dwyer, kijana mrefu mwenye pua iliyoungua na jua.

Tuckwell alipanda kwenye kiti. "Mabibi na mabwana! Kito cha bandari! Mchanga wenu wenyewe, maji yenu wenyewe! Kiwanja cha kwanza cha ufukweni, nani ananifungulia?"

"Mimi," akasema mama.

Kicheko kikalipuka. Dalali, kwa kupenda mzaha, akakosea. Akaudaka.

"Haya! Bibi ameanza! Anatoa kiasi gani?"

"Sitoi kitu. Nina swali tu. Huyu kijana anauza. Alinunua kwa nani?"

"Alirithi kwa mjomba wake, bibi."

"Mjomba alinunua kwa nani?"

"Alipewa na gavana. Watu wote wanajua."

"Na gavana alinunua kwa nani?"

Tuckwell alifungua kinywa, akatazama huku na huku. "Gavana... gavana alikuwa anamwakilisha Mfalme."

"Ahaa. Mfalme alikuja hapa lini? Mama yangu alikuwa hapa kila siku. Hakumwona."

Sasa walicheka mpaka wale wa juu wakateremka kuona kuna nini. Edgar akasema kwa hasira, "Endelea na mnada!" Lakini mama alikuwa amekwisha kusimama. Hakuwa mrefu. Alinyoosha kidole kuelekea kilimani.

"Ile nyumba nyeupe mnaiona? Mnajua chokaa yake ilitoka wapi? Ilitoka hapa, mlipokaa. Ni makombe ya chaza tuliowala sisi. Bibi yangu alikula akatupa kombe, mama yake alikula akatupa kombe, na mama yake, na mama yake. Akaja mtu akachoma mabaki ya chakula chetu akajenga nyumba. Tulinyamaza. Akachukua miti, tukanyamaza. Akaziba kijito, tukamletea samaki. Tumewapa ukumbi, tumewapa chumba cha kulala. Leo mnataka na jiko?"

Hakuna aliyecheka. Sugden mwenye mabucha alijikuna shingo. Ndiye aliyekuwa na fedha kuliko wote pale, kila mtu alijua amekuja kwa ajili ya kiwanja hicho.

"Bwana Tuckwell," akasema, "nikinunua, nani atakayemtoa huyu mama? Wewe au mimi?"

"Sheria itamtoa, bwana."

"Sheria ina mikono ya nani?"

Mama akamgeukia kwa upole. "Nunua tu, bwana. Tutakuwa majirani. Ila nakwambia mapema, mimi nakoroma, na ndugu zangu ndio hawa." Akaonyesha ufukwe wote, na mbwa mmoja akabweka kwa wakati wake. Kisha sauti yake ikabadilika. "Na ukichimba msingi, chimba taratibu kule kwenye mwamba. Mama yangu amelala pale. Nilimlaza kwa mikono hii. Utakuwa unalala juu yake. Kama unaweza kupata usingizi, lala."

Watu wote waligeuza vichwa kuutazama mwamba. Palikuwa na mchanga tu na makombe meupe tuliyoyapanga mimi na yeye asubuhi ile. Bi. Sugden aliweka chini mfupa wa samaki. Alisimama, akapangusa gauni.

"Mimi silali juu ya mama wa mtu," akamwambia mumewe, na hakushusha sauti. "Ukitaka, nunua, ukae peke yako."

"Nani anaanza?" Tuckwell akapaza sauti. "Mabwana! Mchanga wenu wenyewe!" Nyundo ilikuwa juu. "Kwa bei yoyote? Nianzie chini?" Mtu mmoja nyuma alikohoa, Tuckwell akamrukia kwa matumaini, yule akasema ni moshi. Akaita kiwanja cha pili. Akaita cha tatu. Mawimbi yalisikika. Honora akachukua ubao wake wa kupigia nguo akaugonga kwenye pipa, *pam*, kama nyundo ya mnada.

"Hakuna mnunuzi!" akapiga kelele. "Imekwisha!"

Edgar Ormsby alimshika askari mkono. "Fanya kazi yako! Waondoe!"

Dwyer alikuwa na kipande cha mkizi shavuni. Alitafuna, akameza, akajifuta mdomo.

"Bwana, mimi nimetumwa kuzuia fujo. Nimeangalia tangu asubuhi. Naona watu wanakula."

Hapo ndipo kelele zilipoanza, na hizo zilikuwa zetu. Wazee walipiga fimbo zao pamoja, wanawake wakaita *kuwii* ile ndefu ya kuitana ng'ambo ya maji, na mashua zilizokuwa ghubani zikaitikia. Dada zake Honora walipiga mapipa. Bendi ilikuwa imelipwa mpaka jua lizame na haikuwa imepewa hata kipande cha ile nyama mbovu. Wakashuka na matarumbeta yao, wakauliza kama kuna samaki amebaki. Alikuwepo. Walikula, wakatupigia muziki wao, sisi tukawafundisha kucheza wetu, na mama mkwe wangu alicheza na Honora Geraghty, kila mmoja akimkanyaga mwenzake na kumlaumu.

Tuckwell aliondoka wa mwisho. Alimvulia mama kofia. "Bibi," akasema, "siku nyingine nikiwa na mnada, nitakulipa ubaki nyumbani."

"Nilikuwa nyumbani," mama akasema.

Kijana Ormsby alijaribu tena baridi ilipoingia, kwa dalali mwingine. Habari zilikuwa zimeenea mji mzima, hakuna aliyekuja ila watu wawili waliotaka samaki. Akauza nyumba, akarudi kwao na glavu zake. Baadaye wenyeji wapya wa kilimani waliiomba serikali ufukwe uwe wa watu wote. Sijidanganyi: walikuwa wanajitafutia pa kuogelea. Lakini waliweka sahihi pamoja na Honora na wavuvi, na katika ombi lile waliandika kwamba Lavinia na watu wake wasiguswe, kwa sababu Bi. Sugden, ambaye alinunua kiwanja cha juu kabisa, alikataa kutia sahihi bila maneno hayo. Alikuwa akiteremka kila Ijumaa kuchukua changu wake, akikaa pale pale mchangani na kofia.

Walikuwepo waliolalamikia moshi wetu. Bwana mmoja alileta malalamiko hayo mwenyewe, leso puani. Mama alimwambia moshi wake ulikuwepo kwanza, nyumba ndiyo iliyokuja kukaa ndani ya moshi. Tukaomba mashua serikalini, tukanyimwa, tukaomba tena, mama akaenda mwenyewe mjini akakaa mlangoni pa ofisi kama alivyokaa kwenye mnada. Akarudi anapiga makasia.

Mwaka uliofuata mnada nilishikwa na uchungu wa mtoto wangu wa pili. Amos alikuwa majini. Honora alikimbia na maji ya moto, akisema mtoto azaliwe kitandani kwake kama mkristo, mama akisema azaliwe pangoni kama binadamu, na walikuwa bado wanabishana mtoto alipoamua mwenyewe. Msichana. Mama alimpokea pale alipozaliwa yeye, akamfunika kwa moshi mwepesi wa majani mabichi, akamteremsha mpaka kwenye maji akamlowesha miguu. Alfajiri ilikuwa inapasuka, na madirisha ya nyumba mpya kilimani yalianza kuwaka moja moja.

Nilimwona kutoka nilipolala. Alimwinua mjukuu wake juu ya kichwa, mtoto akilia kwa nguvu zote, akakigeukia kilima, akavuta pumzi.

"Kuwiii!" akaita. "Majirani! Ameongezeka mwingine!"

Dirisha moja likafunguliwa, na mtu mwenye kofia ya kulalia akapunga mkono.